Aliyeachwa Moscow: kisa cha mcheza baleti aliyenyimwa safari, 1956–1959

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha Maya Plisetskaya, mcheza baleti wa Bolshoi, jumba kuu la baleti na opera la Moscow, na miaka ambayo serikali yake ilimkatalia kutoka nje ya nchi huku ikimtumia kuwapokea wageni wake. Yeye, viongozi wakuu na wasanii mashuhuri nimewataja kwa majina, kwa kuwa maisha yao yako hadharani. Wengine waliohusika, yaani maafisa wa usalama, mwanadiplomasia mmoja na wachezaji wengine, nimewaondolea majina. Mambo mengi ya ndani tunayajua kutokana na kumbukumbu alizoandika mwenyewe, ambazo zilichapishwa Urusi mwaka 1994. Pale ninapomtegemea yeye peke yake, nasema.

Nakiandika kwa ajili ya watu wanaoshika orodha: viongozi wa vikundi vya sanaa, makocha, wakuu wa vyuo, kila anayeamua nani apande ndege na nani abaki. Orodha ya wasafiri huonekana kuwa karatasi tu. Kwa mtu ambaye jina lake limekatwa, ni hukumu asiyosomewa mashtaka yake.

Usuli

Plisetskaya alizaliwa Moscow tarehe 20 Novemba 1925 katika ukoo wa wasanii. Mama yake, Rachel Messerer, aliigiza filamu za kimya. Mjomba wake Asaf Messerer na mama yake mdogo Sulamith Messerer walikuwa wachezaji wakuu wa Bolshoi. Baba yake, Mikhail Plisetski, alikuwa mtumishi wa serikali aliyepewa kusimamia migodi ya makaa ya mawe ya Kisovieti katika visiwa vya Spitsbergen, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Familia ilihamia naye huko kwenye barafu, na binti akakaa mbali na darasa la baleti wakati ambao mwili wa mcheza baleti hujengwa.

Usiku wa kuamkia Mei Mosi 1937, baba alikamatwa. Januari 1938 akapigwa risasi. Machi mwaka huohuo wakamkamata mama, akiwa na mtoto mchanga, wakampeleka Kazakhstan kwenye kambi ya wake za watu walioitwa wasaliti wa taifa. Maya anasimulia kwamba jioni ile yeye na mdogo wake walikuwa ndani ya ukumbi wa Bolshoi wakimtazama mama mdogo akicheza. Mama yao alitakiwa kuja. Hakuja. Maya alikuwa na miaka 12. Sulamith alimchukua kabla hajapelekwa kwenye kituo cha watoto yatima, na Asaf akamchukua mdogo wake wa kiume.

Vita vilipofika mwaka 1941 walihamishiwa Sverdlovsk, na huko akapoteza karibu mwaka mzima wa mafunzo. Mwaka 1943 aliingia rasmi kwenye kundi la Bolshoi. Yeye mwenyewe alilia maisha yake yote kwamba hakupata shule iliyokamilika, na pengo hilo unaweza kuliona mahali pamoja. Katika baleti maarufu ya Ziwa la Batamaji, kwenye tendo la tatu, mchezaji hutarajiwa kuzunguka mara 32 papo hapo kwa mguu mmoja, huku mguu wa pili ukipiga hewa kama mjeledi. Plisetskaya aliuweka kando mzunguko huo, akaufidia kwa kulizunguka jukwaa kwa mizunguko ya kasi. Mwingine angehesabiwa kuwa ameshindwa. Yeye alifanya watu wasahau kuhesabu.

Walisahau kwa sababu ya mikono. Mwisho wa tendo la pili, Odette, binti aliyegeuzwa ndege, lazima aondoke kumwacha mpenzi wake. Plisetskaya aliondoka akiwa amewapa watazamaji mgongo. Miguu ilikwenda kwa hatua ndogondogo zisizoonekana, kana kwamba sakafu ni maji. Mikono ilianza kuyumba begani, wimbi likashuka kwenye kiwiko, likapita kwenye kifundo, likaishia kwenye ncha za vidole. Kabla halijaisha, jingine lilikuwa limeshaanza. Hauoni uso wake hata kidogo, lakini unajua kuwa analia. Ukiongeza na mruko wake, mgongo ukiwa umepinda nyuma hata kisigino kikakaribia kisogo, utaelewa kwa nini Moscow ilimpenda.

Aliicheza Ziwa la Batamaji kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Alicheza mbele ya Stalin na Mao Zedong katika sherehe za Stalin kutimiza miaka 70, mwaka 1949. Baada ya hapo, kiongozi wa nchi ya nje akifika Moscow, jioni alipelekwa Bolshoi kumwona. Alikwenda Budapest mwaka 1949 na India mwaka 1953. Baada ya India, milango ikafungwa.

Matukio kwa mfuatano

Stalin alifariki Machi 1953. Februari 1956 Nikita Khrushchev, kiongozi mpya wa chama tawala, alisimama mbele ya wajumbe wa chama akayalaani makosa ya Stalin, na nchi ikaanza kupumua. Mwaka huohuo Bolshoi ikaalikwa London, kwenye jumba la Covent Garden. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kundi hilo kwenda nchi za Magharibi likiwa kamili, na watu wa London walilala nje usiku kucha wakipanga foleni ya tiketi.

Safari yenyewe nusura ivunjike kabla ya kuanza. Agosti 1956 mrusha kisahani mmoja wa Kisovieti alishtakiwa London kwa kuiba kofia dukani. Magazeti yakawaka na Moscow ikakasirika. Nakitaja kisa hiki kidogo kwa sababu kinaonyesha hali ya hewa ya wakati ule: mtu mmoja na kofia chache waliweza kutikisa uhusiano wa nchi mbili. Afisa aliyeketi Moscow akipitia orodha ya wasafiri alikuwa na kila sababu ya kuogopa.

Orodha ilipotoka, jina la Plisetskaya halikuwemo. Hakupewa sababu kwa maandishi. Kilichojulikana baadaye ni mchanganyiko. Alikuwa amefahamiana na kijana mmoja wa ubalozi wa Uingereza, na hilo lilitosha kumpaka doa la ujasusi. Baba yake alikuwa ameuawa na dola, na upande wa baba kulikuwa na ndugu waliohamia Marekani siku nyingi. Tena alikuwa na ulimi usiotulia. Kwa kumbukumbu zake, gari la usalama lilikuwa likimfuata kila aendako, na usiku likiegeshwa nje ya nyumba yake.

Mwanzoni mwa Oktoba kundi likafungua pazia London. Galina Ulanova, mchezaji mkuu wa Bolshoi wakati huo, akiwa na miaka 46, alicheza Juliet katika baleti ya Romeo na Juliet, na watazamaji wakapagawa. Plisetskaya alikuwa na miaka 30, umri ambao nguvu na akili ya mcheza baleti hukutana. Akabaki Moscow na wale ambao hawakuchaguliwa.

Ndipo akafanya jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kisa hiki. Oktoba hiyohiyo, wakiwa nusu kundi, walicheza Ziwa la Batamaji kwenye jukwaa la nyumbani. Habari ilisambaa mdomo kwa mdomo kwamba aliyekatazwa anacheza, na ukumbi ukajaa. Wakubwa walijua watu wanakuja kusema nini kwa makofi yao, wakatoa amri pasiwepo na maandamano ya aina yoyote ndani ya ukumbi. Plisetskaya anasimulia kwamba alipotokea jukwaani shangwe zilizuka, na maafisa wakaanza kuwashika washangiliaji na kuwaburura nje huku wengine wakipiga kelele. Hayo yaliendelea tendo la kwanza lote. Kila walipozidi kuwaburura, yeye alizidi kucheza. Kufikia mwisho wa jioni maafisa walikuwa wameshindwa. Watu walipiga makofi hadi wakachoka wenyewe. Mwanahistoria mmoja wa baleti ameuita usiku ule pengine mkubwa kuliko yote katika maisha yake ya jukwaani.

Na bado hakwenda. Mwaka 1958 Bolshoi ilikwenda Paris, naye akaachwa tena. Watu wanaohadithia kisa hiki huruka hapa, kama vile makofi ya Oktoba yalivunja mlango. Mlango ulibaki umefungwa miaka miwili na nusu zaidi.

Tarehe 2 Oktoba 1958 aliolewa na Rodion Shchedrin, mtunzi wa muziki aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 7. Kupitia watu waliofahamiana na wakubwa wa usalama, Shchedrin alipata nafasi ya kuonana na jenerali mmoja wa KGB, shirika la usalama la Kisovieti. Akamwomba, akamtetea mke wake, akaeleza kwamba tuhuma hazina mguu. Plisetskaya naye akamwandikia Khrushchev barua ndefu.

Barua ilifika. Khrushchev mwenyewe, katika kumbukumbu alizosimulia baada ya kuondolewa madarakani, alilizungumzia jambo hili. Anasema ilikuwa barua ya kizalendo na ya mtu aliyeumizwa na kutoaminiwa. Aliwapelekea wenzake na kupendekeza aachiwe aende. Wengine waliogopa kwamba hatarudi. Khrushchev akashikilia kwamba aaminiwe.

Aprili 1959 Bolshoi ilifungua ziara yake ya kwanza Marekani, kwenye jumba la Metropolitan Opera jijini New York, chini ya wakala Sol Hurok, ambaye mwenyewe alizaliwa katika himaya ya Urusi na kuhamia huko akiwa kijana. Plisetskaya alikuwemo. Shchedrin alibaki Moscow, na kwa maelezo ya mkewe alibakizwa makusudi awe rehani. Ziara ikaisha, akarudi. Aliporudi, Khrushchev alimsifu hadharani kwa kutomwaibisha.

Maamuzi na sababu zake

*Waliomzuia.* Ni rahisi kuwaita wajinga, na ni kosa kufanya hivyo katika uchambuzi. Hesabu yao ilikuwa na mantiki yake. Afisa aliyemruhusu mtu akatoroka, alipoteza kazi na pengine zaidi. Aliyemzuia mtu ambaye asingetoroka, hakupoteza kitu, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mtu asingetoroka. Katika mizani ya namna hiyo, kukataa daima huwa chepesi. Juu ya hapo kulikuwa na fikra ya kale ambayo Waswahili tunaijua kwa maneno machache: mtoto wa nyoka ni nyoka. Dola ilimuua baba, kwa hiyo ikaamini kwamba binti lazima anaichukia. Ilimwogopa kwa ubaya ambao yenyewe ilimtendea.

*Plisetskaya.* Alikuwa na njia kadhaa. Angeweza kugoma asicheze. Angeweza kunyamaza, apunguze makali, asubiri. Alichagua kucheza kwa nguvu zake zote mahali pekee alipoachiwa, na hakuficha kwamba anacheza ili waone walichokiacha. Uamuzi ule ulikuwa na hatari, kwa sababu watu waliburuzwa kwa ajili yake. Lakini kisheria hakuna alichokosa: alitakiwa kucheza Ziwa la Batamaji, akaicheza.

Uamuzi wake wa pili, barua, ulihitaji ujasiri wa aina nyingine. Binti wa mtu aliyeuawa na dola anaketi kumwandikia mkuu wa dola ileile akisema mimi ni mwaminifu, niamini. Wapo waliomlaumu kwa hilo, kwamba alipiga magoti. Siungi mkono. Aliomba kitu mahususi, kwa mtu mwenye uwezo wa kukitoa, akitumia lugha ambayo mtu huyo angeweza kuirudia mbele ya wenzake.

*Shchedrin.* Alikwenda kuonana na mtu wa usalama ana kwa ana, jambo ambalo wengi waliokuwa na vyeo kumzidi wasingethubutu, kisha akakubali kubaki.

*Khrushchev.* Sababu zake zilikuwa mchanganyiko wa utu na siasa. Mwaka uliotangulia, mapatano ya kubadilishana wasanii na wanafunzi yalikuwa yametiwa sahihi kati ya Washington na Moscow. Wamarekani wangeuliza yuko wapi. Kumficha mchezaji ambaye mabalozi wote wa Moscow wamemwona kungeleta maswali mengi kuliko kumpeleka. Bado, aliyeweka jina lake mezani ni yeye. Angetoroka, wenzake wangemkumbusha.

Matokeo

Mwaka huohuo wa 1959 alipewa cheo cha Msanii wa Watu wa Umoja wa Kisovieti. Ulanova alipostaafu jukwaa mwaka 1960, Plisetskaya akawa ndiye wa kwanza bila mpinzani. Mwaka 1962 alirudi Marekani na kufahamiana na Robert Kennedy, mdogo wa rais wa Marekani. Walizaliwa siku moja ya mwaka mmoja, na walikuwa wakikumbushana hilo. Mwaka 1964 alipata Tuzo ya Lenin. Ziwa la Batamaji aliicheza zaidi ya mara 800 katika kipindi cha miaka 30.

Hata hivyo ruhusa ya kusafiri haikuwa ruhusa ya kuunda. Mwaka 1967 alimwalika Alberto Alonso kutoka Cuba amtungie baleti ya Carmen, naye Shchedrin akaupanga upya muziki wa opera ya Bizet kwa vinanda vya nyuzi na ngoma. Ilipoonyeshwa Aprili 20, waziri wa utamaduni, Ekaterina Furtseva, aliona ni matusi na akataka iondolewe. Wakapigana tena mume na mke, mlango kwa mlango kama zamani. Wakashinda, na akaicheza mara mia tatu na hamsini hivi. Nalitaja hili kwa sababu linatuzuia tusidhani kwamba mwaka 1959 taasisi ilijifunza kumwamini. Ilimwamini juu ya jambo moja. Mengine ilibidi ayadai moja baada ya jingine.

Uchambuzi

*Swali lililoulizwa vibaya*

Waliomzuia waliuliza: ana sababu gani ya kutoroka? Wakazikuta nyingi, kwa kuwa kila mwenye jeraha anazo. Hawakuuliza: ana sababu gani ya kurudi? Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa naye. Kulikuwa na jukwaa la Bolshoi, ambalo alilisifu hadi uzeeni kuliko jukwaa lolote alilolikanyaga duniani. Alikulia ndani ya jengo lile, na usiku alipompoteza mama yake alikuwa kwenye viti vyake. Kulikuwa na Shchedrin. Kulikuwa na mama, aliyetoka kambini na kurudi Moscow. Baada ya 1959 kukawa na neno alilompa mtu aliyemwamini.

Sasa tazama walioondoka kweli. Rudolf Nureyev, wa kundi la Leningrad, aliomba hifadhi Paris mwaka 1961. Alexander Godunov wa Bolshoi, aliyecheza na Plisetskaya kama Vronsky, mpenzi wa Anna, katika baleti ya Anna Karenina, alibaki New York mwaka 1979. Na mwaka 1980, Sulamith Messerer, mama mdogo aliyemlea, mwenye nishani na heshima zote za dola, aliomba hifadhi akiwa Tokyo. Alikuwa na miaka 71. Kwa kipimo cha maafisa wa 1956, huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa salama kabisa, na yule aliyefuatwa na gari usiku na mchana ndiye mwenye kishawishi.

Nimeona kosa hili likirudiwa na watu wasio na KGB wala mipaka. Mchezaji anayegombana na kocha anaachwa nyumbani, anachukuliwa aliye mpole. Anayelalamika kwa sauti mara nyingi analalamika kwa kuwa anakusudia kukaa. Aliyekwisha kuamua kuondoka hana haja ya kugombana na mtu.

*Onyesho lilifanya nini, na halikufanya nini*

Usiku ule wa Oktoba haukumpatia safari. Ulifanya mambo mawili ambayo bila hayo safari isingewezekana. Kwanza, ulimhifadhi yeye mwenyewe. Mwili wa mcheza baleti hauwekwi akiba. Ukipitisha msimu bila jukwaa kubwa, msuli na moyo vinashuka pamoja, na mwaka 1959 angefika New York akiwa kivuli. Pili, ulifanya kutokuwepo kwake London kuwe na sauti. Kabla ya usiku ule, aliyekosekana alikuwa jina kwenye orodha. Baada yake, kila mpenda baleti Moscow alijua ni nani aliyeachwa na jinsi anavyocheza.

Lakini kwa upande wa usalama onyesho lile lilimwongezea tuhuma. Mtu anayeweza kufanya ukumbi mzima uwashinde maafisa ni mtu wa kuangaliwa zaidi. Siwezi kusema kwamba asingecheza vile angeachiwa mapema, wala kwamba kucheza vile kulimchelewesha. Ninachosema ni kwamba anayefuata njia hii ajue kuwa ina makali pande mbili, na makofi hayaandiki jina kwenye orodha.

*Kilichofungua mlango*

Ukiondoa mapambo yote, mlango ulifunguka pale alipopatikana mtu aliyekubali kubeba lawama. Kwa miaka mingi kila mwenye mhuri alikuwa na sababu ya kusema hapana na hakuna aliyekuwa na sababu ya kusema ndiyo. Barua ilimpa Khrushchev sababu. Mazungumzo ya Shchedrin yalimpa jenerali picha ya mtu badala ya jalada. Mapatano na Wamarekani yaliongeza gharama ya kukataa. Vyote vitatu vilikuja kwa wakati mmoja, na hilo ni jambo la kukiri: kuna bahati humu. Barua kama ile mwaka 1950 ingempeleka alikokwenda mama yake.

Kwa anayetetea mtu aliyezuiwa, somo la vitendo limo hapa. Kupeleka malalamiko kwa kila ofisi hakusaidii ikiwa ofisi zote zinaogopa kitu kilekile. Mtafute mmoja ambaye cheo chake kinaweza kubeba matokeo mabaya, kisha umrahisishie kazi ya kukutetea. Barua ya Plisetskaya ilisomwa mbele ya watu wenye mashaka na ikasimama yenyewe, bila mwandishi wake kuwepo kuieleza.

*Kilichoshindwa*

Gharama ilikuwa kubwa mno, na haikurudishwa. London 1956 na Paris 1958 hazikumwona akiwa kwenye kilele chake, na mcheza baleti hapewi kilele cha pili. Watu walioburuzwa kutoka kwenye viti vyao usiku ule hatujui hata majina yao. Na taasisi ilitoka kwenye kisa hiki na funzo baya: kwamba ukitaka mke arudi, mbakize mume. Utaratibu wa kushikilia familia uliendelea kutumika kwa wengine, na kurudi kwa Plisetskaya kulichukuliwa kuwa ushahidi kwamba unafaa. Hakuna aliyejiuliza kama angerudi hata Shchedrin angekuwa naye New York.

Historia ilikuja kulijibu swali hilo yenyewe. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, pasi ya kusafiria ikawa yake na hakukuwa na wa kumzuia. Yeye na Shchedrin walikwenda kuishi Munich, pamoja, huku wakirudi Moscow mara kwa mara. Alifia Munich tarehe 2 Mei 2015, akiwa na miaka 89. Wosia wao ulisema mwili uchomwe, majivu yahifadhiwe mpaka yule atakayebaki naye afe, kisha majivu ya wote wawili yachanganywe na kumwagwa juu ya ardhi ya Urusi.